Marehemu Anadai Nini? Mwongozo wa Kuchagua na Kutazama Filamu za Mizimu

Ukiwauliza watu kwa nini hawapendi filamu za mizimu, wengi watakujibu kwamba zote ni zilezile: mlango unalia, paka anaruka, binti anapiga ukelele. Wana sababu. Nyingi walizoziona zilichaguliwa kwa picha ya jalada, zikatazamwa kwenye simu huku taa inawaka na watu wanapiga soga, na mmoja aliyekwisha kuiona akawasimulia mwisho wake kabla haijafika nusu. Filamu ya mapigano huvumilia hayo yote. Ya mizimu haivumilii, kwa sababu nguvu yake iko katika kile usichokiona sawasawa na usichokisikia vizuri.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuanza, wa aliyekwisha kukata tamaa, na wa yule anayeandaa jioni ya filamu kwa ajili ya watu wa nyumbani. Filamu ambazo utamu wake uko mwishoni sikuzifichua.

Chagua kwa dai, usichague kwa hofu

Swali linaloulizwa sana ni hili: inatisha kiasi gani? Halisaidii, maana kinachomnyima mmoja usingizi humfanya mwingine apige miayo. Uliza marehemu amerudi kudai nini. Katika filamu nzuri za aina hii mfu harudi bure. Kuna jambo halikumalizwa, na hilo ndilo linaloibeba hadithi yote. Filamu ambayo imekwenda nusu saa bila hata kukufanya ujiulize swali hilo, mara nyingi itakupa makelele tu.

*Anayedai haki.* Hapa ningekuanzisha na Atlantique ya Mati Diop, ya mwaka 2019, iliyopata Grand Prix kwenye tamasha la Cannes. Vijana wajenzi jijini Dakar wamesimamisha ghorofa refu la kifahari, na kwa miezi kadhaa hawajalipwa. Wanapanda chombo kwenda Hispania, bahari inawameza. Halafu usiku wasichana wa mtaani kwao wanaanza kuamka, macho yao meupe pee, wanaingia nyumbani kwa tajiri na kukaa sebuleni mwake wakidai mishahara. Hawapigi kelele. Wanakaa tu kwenye makochi na kumtazama, wadai ambao mlinzi wa getini hawezi tena kuwafukuza. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia pesa ya kibarua kwa bosi asiyepokea simu ataielewa filamu hii kuliko mhakiki yeyote wa Ulaya.

Ndugu yake ni The Devil's Backbone ya Guillermo del Toro, ya 2001, iliyowekwa katika kituo cha yatima mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Bomu ambalo halikulipuka limesimama katikati ya uwanja. Mtoto aliyekufa anapotokea, tazama jeraha la kichwani mwake: damu haidondoki chini, inaelea kwenda juu kama moshi, kana kwamba bado yuko majini. Kwa picha hiyo moja mwongozaji amekwisha kukupa habari kubwa ya kifo chake, bila mtu yeyote kufungua mdomo.

*Anayemfuata aliyekimbia.* His House ya Remi Weekes, 2020. Mume na mke kutoka Sudan Kusini wamepewa nyumba chakavu Uingereza na kuonywa wasihame humo. Lililomo ukutani linawadai jambo la safarini. Ni filamu ya kutisha kwelikweli, tena ni miongoni mwa filamu chache zinazomwonyesha mkimbizi kama mtu mzima mwenye siri na aibu, si mtu wa kuhurumiwa tu.

*Nyumba yenyewe.* The Innocents ya Jack Clayton (1961) na The Haunting ya Robert Wise (1963). Zote ni za rangi nyeusi na nyeupe, na ndizo shule ya filamu zote zilizofuata. Nitazirudia hapo chini.

*Mpendwa asiyetaka kuondoka, au tusiyetaka aondoke.* Ghost (1990) inajulikana na wengi. Truly, Madly, Deeply ya Anthony Minghella, ya mwaka huohuo, inajulikana na wachache, na kwangu ndiyo nzito zaidi: mwanamke aliyefiwa anarudishiwa mpenzi wake, kisha taratibu anagundua kuishi na marehemu kunamgharimu nini.

Za kwetu

Usiziruke. Kati Kati ya Mbithi Masya, kutoka Kenya, ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, kwenye tamasha la Toronto mwaka 2016, na ndiyo Kenya iliyoipeleka kuwania Oscar mwaka uliofuata. Mwanamke aitwaye Kaleche anajikuta porini, hakumbuki lolote. Anaifikia hoteli ya kitalii, na watu aliowakuta wanamweleza kwamba amekufa, nao wamekufa. Hakuna wa kumwogopa. Kila mmoja pale anakwepa jambo alilolitenda akiwa hai, na hilo ndilo linalomzuia kwenda mbele. Ina urefu wa saa moja na robo hivi, kwa hiyo inafaa sana kwa jioni ya kwanza.

Maangamizi: The Ancient One, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliiwakilisha Tanzania kuwania Oscar mwaka 2001. Daktari Mmarekani mweusi anakuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Tanzania na kukutana na Samehe, mgonjwa anayeigizwa na Amandina Lihamba. Madaktari wanaona ukimya wa ugonjwa. Samehe anazungumza na mzimu wa bibi wa kale. Itazame kwa subira, haikimbii.

Kisha kuna video za Bongo. Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka mwaka 2003, miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa za kutisha katika tasnia hiyo, halafu Shumileta, ya jini wa kike anayempenda binadamu. Zilitengenezwa kwa pesa kidogo na sauti yake inasumbua. Lakini hofu iliyomo ni ya mtaani kwetu, na mtazamaji wa hapa hahitaji kuelezwa.

Hofu inavyotengenezwa: tazama mambo haya matatu

Ukijua fundi anafanya nini hutaipoteza hofu. Utaipata mahali ambapo wenzako wanasinzia.

1. *Kisichoonyeshwa.* Katika The Haunting huoni mzimu hata mmoja. Wanawake wawili wamejifungia chumbani, kitu kinagonga ukuta wa korido kikisogea, kinafika, kinanyamaza. Usiku mwingine, wote wakiwa wamekusanyika sebuleni, mlango mzito wa mbao unaanza kuvimba kuelekea ndani, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Basi. Kuna pia usiku ambao mmoja wa wanawake wale, Eleanor, amelala gizani, ameushika mkono wa mwenzake Theo, anaubana kwa woga. Taa inapowaka, Theo yuko upande mwingine wa chumba. Robert Wise, aliyeongoza tukio hilo, ndiye aliyetengeneza The Sound of Music miaka miwili baadaye.

2. *Pembezoni mwa picha.* The Innocents ilipigwa kwa picha pana, na mpiga picha Freddie Francis aliona upana huo unaonyesha mambo mengi mno. Akatumia vichujio vilivyopakwa rangi kingoni ili pande zote mbili zimezwe na giza. Matokeo yake ni kwamba macho yako yanakaa kati huku akili yako inalinda pembeni. Halafu Clayton anakugeuzia mambo: mzimu unaokaa zaidi kichwani unatokea mchana kweupe, mwanamke mwenye nguo nyeusi amesimama kimya katikati ya matete, ng'ambo ya ziwa. Filamu hiyo inaanza kwa kioo cheusi kitupu na sauti ya kitoto ikiimba. Usidhani televisheni imeharibika, na usipeleke mbele.

3. *Sheria za nyumba.* Kila filamu nzuri ya mizimu ina masharti yake, na hukutajia mapema. Katika The Others ya Alejandro Amenábar (2001), mama wa kisiwani Jersey, mwaka 1945, anawaagiza watumishi wapya kwamba mlango usifunguliwe kabla uliotangulia haujafungwa kwa ufunguo, kwa sababu watoto wake wanadhuriwa na mwanga. Katika The Sixth Sense ya M. Night Shyamalan (1999), angalia rangi nyekundu inapojitokeza, na pumzi inapogeuka mvuke chumbani. Shika sharti, kisha ngoja livunjwe.

Hatua za jioni yenyewe

1. Hakikisha mwaka, si jina peke yake. Ringu ya Hideo Nakata ni ya Japani, 1998. The Ring ya Marekani ni ya 2002. Zote zinafaa, ila si filamu moja. The Haunting nayo ilirudiwa mwaka 1999, na hiyo ya pili inaonyesha kila kitu kwa kompyuta. Mtu akikuambia The Haunting ni mbaya, muulize aliona ipi.

2. Pakua mapema. Hakuna kinachoua filamu ya aina hii kama kile kiduara kinachozunguka pale bando linapolegea. Chaji laptop mpaka ijae, ili umeme ukikatika mumalizie humo. Atlantique na His House zimo Netflix.

3. Acha sauti ya asili, weka maandishi ya tafsiri chini ya picha. Mwigizaji aliyewekewa sauti ya mtu mwingine amepoteza nusu ya kazi yake. Na muvi za kutafsiriwa? Mimi ni mpenzi wa kazi hiyo. Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya wamewafungulia sinema watu wasiohesabika ambao hakuna aliyewajali. Lakini msimulizi kazi yake ni kuujaza ukimya, na filamu hizi zimejengwa kwa ukimya. Tazama kwanza ya asili. Ya kutafsiriwa iwe mara ya pili.

4. Rekebisha sauti kabla wageni hawajafika. Kama una sabufa, punguza besi, maana inameza minong'ono na nyayo. Spika ya bluetooth wakati mwingine huchelewesha sauti nyuma ya midomo. Jaribu dakika moja, na ukiona inachelewa, tumia waya. Kama unatazama peke yako, spika za masikioni za bei ya kawaida tu zinazishinda spika za televisheni nyingi.

5. Zima taa zote, funga pazia. Televisheni nyingi zimewekwa katika hali ya rangi kali, ile ya kuvutia wateja dukani, ambayo hugeuza giza kuwa kijivu. Ingia kwenye menyu ya picha, chagua hali ya sinema. Usipandishe mwangaza ili "uone vizuri": kisichoonekana kilifichwa makusudi.

6. Kuleni kwanza. Bisi zinazotafunwa katikati ya tukio la kimya zinasikika kama mtu anatembea juu ya changarawe. Chai na maji vinatosha wakati wa filamu.

7. Simu zikae chumba kingine, na walio na safari ya chooni waende sasa. Usisimamishe filamu katikati. Hofu hupandishwa polepole, na kila unapoikatiza huirudishi pale ilipokuwa.

8. Ikiisha, msiwashe taa papo hapo. Acheni majina yapite. Kisha kila mmoja aseme, kwa maoni yake, marehemu alidai nini na kama alilipwa. Utashangaa jinsi majibu yanavyotofautiana, hasa baada ya The Innocents, ambako watu hawajakubaliana hadi leo kama mizimu ilikuwapo au ilikuwa kichwani mwa yaya, mhusika wake mkuu.

KISANDUKU: Kama kuna watoto

Usiiamini alama ya PG kwenye filamu za zamani za Marekani. Poltergeist ya mwaka 1982 ilipewa PG, na humo mna mti unaomnyakua mtoto dirishani na mtu anayejichuna uso mbele ya kioo. Daraja la PG-13 halikuwapo. Lilianzishwa mwaka 1984. Kwa Kenya, tazama daraja la Bodi ya Uainishaji wa Filamu: GE ni kwa wote, 16 na 18 ni kwa umri huo na kuendelea. Hata hivyo, itazame wewe kwanza.

Kwa watoto chagua:
☐ Coco (2017): wafu wa Mexico wanaishi maadamu kuna anayewakumbuka
☐ Spirited Away ya Hayao Miyazaki (2001), kwa walio wakubwa kidogo
☐ Muda wa mchana au jioni mapema, isiwe filamu ya mwisho kabla ya kulala
☐ Mtu mzima awepo sebuleni mpaka mwisho

Mtoto akiogopa, zima. Usimcheke, na kamwe usitumie mzimu wa filamu kumtisha ili atii.

KISANDUKU: Kama nyumba ina msiba

Hili linasahauliwa na watu wema kabisa. Filamu za mizimu zote zinahusu kufiwa, na aliyefiwa karibuni anaziona kwa macho mengine. Usimshtukize mtu kwa "kumchangamsha". Mweleze waziwazi inahusu nini, kisha mwache aamue. Don't Look Now ya Nicolas Roeg (1973) ni kazi kubwa, lakini inaanza kwa mtoto kuzama majini; usiiweke mbele ya mzazi aliyepoteza mwana. Truly, Madly, Deeply huwafariji wengine na kuwaumiza wengine. Na kama imani ya mwenyeji au mgeni wako inamkataza kutazama mambo ya pepo na ramli, liheshimu hilo, tafuteni filamu nyingine.

Filamu za waaguzi, na wale walioko mtaani

Wenye kipaji cha kuona yasiyoonekana wana filamu zao, na nyingine ni nzuri sana. The Dead Zone ya David Cronenberg (1983), kutoka riwaya ya Stephen King, ina mwalimu anayezinduka baada ya miaka ya kupoteza fahamu na kuona ya mbele kila anapomgusa mtu. The Gift ya Sam Raimi (2000) inamwonyesha mjane wa mji mdogo anayewasomea majirani karata. Zote mbili zinakichukulia kipaji kama mzigo, na ndiyo maana zinaaminika.

Whoopi Goldberg alipata Oscar kwa kuigiza Oda Mae katika Ghost: mwaguzi tapeli anayeshtuka siku anapomsikia marehemu wa kweli. Watu wanamcheka na kumpenda, na wanasahau kwamba anapotokea mara ya kwanza anawala pesa wafiwa. Ukitaka kuuona upande huo bila kicheko, tafuta Seance on a Wet Afternoon ya Bryan Forbes (1964). Mwaguzi anampangia mumewe amteke mtoto wa tajiri, ili yeye ajitokeze "kuoteshwa" alipo. Mbinu yote imo humo: jua habari kwa siri, kisha izungumze kama ufunuo.

Ninaliandika hili kwa sababu filamu humzoeza mtazamaji kumwamini mwaguzi. Ndani ya hadithi anayesema kweli ni yule ambaye mwandishi amempa ukweli. Nje ya hadithi kuna mabango kwenye nguzo za umeme na ujumbe wa simu usiku wa manane.

Kaa mbali na mtu ambaye:
☐ anaanza kwa maneno yanayomhusu kila mtu ("kuna mtu wa karibu anakuonea wivu") huku akiusoma uso wako
☐ anakutaka usiwaambie ndugu
☐ anadai pesa kwa simu, kidogo kwanza, kisha nyingi kwa sababu "kazi imekuwa nzito"
☐ anaomba picha zako, namba ya siri au kitambulisho
☐ anakuambia uache dawa za hospitali
☐ anamtaja jirani au bibi kuwa mchawi

Hilo la mwisho ni la hatari kuliko yote, kwa sababu limewagharimu vikongwe maisha yao. Kabla ya kumsikiliza mtu wa namna hiyo, tazama I Am Not a Witch ya Rungano Nyoni (2017), iliyotengenezwa Zambia, ya mtoto wa kike anayetuhumiwa uchawi na kufungwa kwa utepe mrefu mweupe ili asiruke.

Makosa ya kawaida

Kuanza na filamu kali kuliko zote ili kuonyesha ujasiri: utachoka mapema, au utawapoteza uliowaalika. Kutazama tatu kwa usiku mmoja: ya tatu hutaikumbuka. Kudharau zisizo na rangi. Kusoma muhtasari mtandaoni hadi mwisho. Soma sentensi mbili za kwanza, funga. Na kuwanong'oneza wenzako "subiri, sasa hivi utaona".

Mpango wa kuanzia

Jioni ya kwanza: Kati Kati.
Ya pili: The Others, na asiwepo aliyekwisha kuiona, au ale kiapo cha kunyamaza.
Ya tatu: Atlantique.
Ya nne: The Haunting ya 1963, taa zote zimezimwa.
Ya tano: His House, watu wazima peke yao.

Baada ya hapo nenda Japani. Ugetsu ya Kenji Mizoguchi (1953) unaweza kuimaliza kwa kikao kimoja. Kwaidan ya Masaki Kobayashi, ya mwaka 1964, ina urefu wa takriban saa tatu, lakini ni hadithi nne zisizotegemeana, kwa hiyo itazame hadithi moja kila usiku. Ile ya mpiga zeze kipofu aliyeitwa kuwaimbia wafu wa vita ni ya tatu.